Luteni wa Bahasha ya Mengineyo

Mama alinieleza jambo hili Jumapili moja baada ya misa, tukiwa jikoni kwake Ushirombo. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Mimi nilikuwa nimemletea dawa yake ya matone, na nilikuwa nimeshaanza kuangalia saa, maana gari la kurudi Kahama halimsubiri mtu.

"Baba," akaniambia. Mimi ni mwanawe wa pekee, lakini ameniita baba tangu nikiwa mchanga. "Nimeisahau sura ya baba yako."

Nikamwambia asiseme hivyo. Ndivyo tunavyowajibu wazee wakituambia jambo la kweli.

"Nakwambia ukweli. Sauti yake naisikia. Mwendo wake nauona. Nikifika usoni, hamna. Naona kola ya shati imefungwa kifungo cha juu, halafu hamna kitu."

Mwezi mmoja kabla ya hapo daktari wa macho alikuwa ametuambia kwamba presha ya macho imemaliza jicho la kushoto, na la kulia limebaki na upenyo tu, na huo upenyo nao utafunga. Hakusema lini. Alisema tumzoeshe kuijua nyumba kwa mikono. Kwa hiyo nilielewa anachokitaka kabla hajakitaja. Alitaka kuuona uso wa mumewe mara moja kabla jicho halijafunga, na katika nyumba yetu hapakuwa na picha ya mumewe hata moja.

Baba yangu alikuwa luteni. Alikufa katika vita vya Kagera, mimi nikiwa tumboni. Mwili haukuletwa, alizikwa huko huko pamoja na wenzake, na nyumbani ikaja barua, na baada ya barua likaja sanduku la bati lenye nguo zake. Babu, yaani baba yake, hakukubali kwamba msiba unaweza kwisha bila kaburi. Akachimbisha kaburi pembeni ya zizi, mahali alipotaka yeye mwenyewe alazwe, na lile sanduku likashushwa humo kama mwili. Lakini nguo peke yake zilimkera. Nimesimuliwa kwamba alisema, "Nguo hizi zinaweza kuwa za mtu yeyote. Sasa tunamzika nani?" Basi zikakusanywa picha zake zote: ya kipaimara, ya harusi, na ile ya studio akiwa amevaa sare. Wakazilaza juu ya nguo, uso ukitazama juu, wakafunga sanduku, wakafukia. Hawakubakiza hata moja, kwa sababu mtu hazikwi nusu. Walikuwa wanamheshimu. Mimi nimekua nikiwa na hasira na heshima hiyo.

Na mtu asiniambie tungefukua. Mji wa babu ulikuwa upande wa Bulyanhulu, na nilipokuwa shule ya msingi dhahabu ilionekana karibu na kwetu. Ikaja rashi. Watu wakamiminika na masururu na madumu, wakafungua mashimo yao, maduara kama wanavyoyaita wenyewe, kila penye dalili, mengine ndani ya zizi lenyewe. Babu alikuwa ameshafariki, na mama peke yake angemzuia nani? Tukahamia Ushirombo kwa wajomba. Mahali palipokuwa na kaburi la baba leo pana shimo lenye maji ya mvua, na hakuna anayejua kina chake. Nilikwenda mara moja kulitazama. Sikukaa.

Mimi mwenyewe ni mtu wa masijala. Nimekaa zaidi ya miaka ishirini katika chumba cha mafaili cha ofisi moja, nikifunga majalada kwa kamba na kuwaambia watu, "Faili lako halionekani, rudi Jumatano." Nimewaambia hivyo wastaafu, nimewaambia wajane waliotoka vijijini na nauli ya kuazima. Mara nyingine faili lilikuwa halionekani kweli. Mara nyingine nilikuwa nimechoka tu kupanda ngazi. Nalisema hili mapema ili msomaji asinihurumie kupita kiasi. Basi kutafuta karatasi moja katika mkoa mzima ni kazi ninayoijua, na nilimjibu mama kwa kiburi cha kazi yangu: "Nipe mwezi mmoja."

Nilianza na studio. Ile picha ya sare ilipigwa Kahama katika likizo yake ya mwisho. Mama alikumbuka pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mpiga picha alishafariki, na mwanawe, mtu wa rika langu, amekigeuza chumba kile kuwa duka la vifaa vya simu mtaa wa Nyahanga. Tulisalimiana kwa mwangaluka ya Kisukuma, akanipa kiti, nikamweleza shida yangu.

"Mzee alikuwa hatupi kitu," alisema. "Negativu zote aliziweka kwenye makopo ya maziwa. Kila mwaka na kopo lake, na karatasi ya majina ndani."

Hata mimi ofisini sikuwa na utaratibu mzuri kama huo. Nikamuuliza makopo yako wapi, akacheka kile kicheko cha mtu anayetaka umsamehe kabla hajasema.

"Kaka, mzee alipolazwa alipita mnunuzi kutoka Geita. Anakusanya filamu za eksirei na negativu kuukuu. Wanazichoma, halafu wanachenjua yale majivu, wanapata madini ya fedha wanawauzia masonara. Akayabeba makopo yote. Mimi niliona ni takataka."

Kwetu huku kila kitu kinachenjuliwa: udongo wa jana, mchanga uliokwisha kutupwa, hata vumbi la sakafuni kwa sonara. Sikujua kwamba na nyuso nazo. Nikamshukuru, nikatoka, na huko nje nikamtukana mnunuzi yule peke yangu, kwa sauti, mpaka mwendesha bodaboda akageuka kunitazama.

Ikabaki shule. Baba alisoma shule ya misheni, na zamani kila darasa lililomaliza lilipigwa picha na mapadri, ikatiwa fremu, ikatundikwa bwaloni. Fremu hizo sasa ziko stoo, zimefungwa shuka, chini ya uangalizi wa sista mmoja mzee anayetunza maktaba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mwaka, akaingia stoo na kutoka na fremu akiifuta vumbi kwa kiwiko. Chini ya picha kulikuwa na majina yaliyopigwa taipu. La baba lilikuwepo. Safu ya pili, wa nne kutoka kushoto.

Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo. Wa kwanza alikuwa amekunja uso kwa jua. Wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kola imefungwa kifungo cha juu. Juu ya kola palikuwa na tundu la mraba, limekatwa kwa wembe, kwa uangalifu mkubwa, na kupitia tundu hilo lilionekana kadibodi la nyuma. Nikahesabu tena kuanzia kulia, kama mjinga, nikidhani labda huyo si wa nne.

Sista aliigeuza fremu. Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa mkuu wa shule wa zamani: picha ya mwanafunzi huyu imekatwa kwa ajili ya mazishi, kwa ombi la mke wa marehemu.

"Pole, mwanangu," sista alisema. "Mke wa marehemu bado yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai, na kwamba ndiye aliyenituma.

Sikurudi Kahama siku hiyo. Nilipitiliza Ushirombo, na njia nzima nilikuwa natunga maneno makali. Nilipomkuta mama ameketi mlangoni, anageuza kichwa kama kuku ili kuniona kwa kile kipande cha jicho kilichobaki, niliyaacha maneno hayo. Nikamuuliza tu kama aliwahi kwenda shuleni kuomba picha.

"Nilikwenda," akasema. "Kwa miguu, na wewe tumboni. Babu yako aliitazama ile ya harusi akasema imefifia, na ile ya sare kofia imemtia kivuli usoni. Akasema mtu akienda na uso hafifu, waliomtangulia watampokeaje? Nikampigia magoti padri mkuu wa shule. Akakata mbele yangu, mimi nimeshika ile picha isicheze."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani labda walikuwa nazo mbili."

Ndipo nilipoelewa ile kola. Kitu cha mwisho mama alichokitazama vizuri, alipokuwa ameishika picha ile kwa mikono miwili, ni shati lililobaki bila kichwa. Kwa miaka yote hiyo, kila alipomtafuta mumewe moyoni, alikutana na kazi ya ule wembe. Sikumwambia. Nilimwambia bado kuna Shinyanga.

Mwezi mmoja niliouomba ulikuwa umeshakuwa minne. Shinyanga kuna stoo ya nyaraka kuukuu za mkoa, za wakati wa vita zikiwamo, ninayoijua kwa sababu ya kazi, chumba kirefu chenye madirisha ya juu na harufu ya mkojo wa popo. Aliyeitunza wakati huo alikuwa mama mmoja anayekaribia kustaafu, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Nilipomweleza ninachotafuta, hakuinuka hata kidogo. "Hakionekani hicho," akasema. "Rudi Jumatano."

Nikacheka, kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu. "Shikamoo mama. Mimi nami ni wa masijala."

Naye akacheka, akanipa funguo.

Watu wa kazi hii tunajua kwamba karatasi haipotei hovyo. Iko kwenye faili lililotangulia, au imewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba, au iko kwenye bahasha iliyoandikwa Mengineyo. Kila masijala ina bahasha hiyo. Humo tunatia kila kilichochomoka tukaona uvivu kukirudisha kwake. Nilikaa siku tatu katika chumba kile, nikila chapati za asubuhi mchana. Siku ya tatu, katika bahasha ya Mengineyo iliyovimba kwa barua za rambirambi na orodha za magari yaliyosafirisha askari, ilianguka picha.

Ilikuwa ya afisa kijana, nyota mbili begani, kofia ameishika mkononi. Kona moja ilikuwa na kutu ya kibanio. Ilibanwa kwenye jalada fulani, ikachomoka. Nyuma hapakuandikwa chochote.

Nilikwenda nayo dirishani. Umri ulikuwa ule, cheo kilikuwa kile. Nikaanza kujitafuta ndani yake. Masikio yakawa yangu. Paji la uso nalo, ukilitazama kwa upande, likawa langu. Ukitaka kufanana na mtu, utafanana na yeyote. Nilijua kwamba sijui. Nataka hilo lieleweke: sikudanganyika, hata kwa dakika moja. Lakini nilikuwa nimechoka, jicho la mama lilikuwa linafunga, na yeye mwenyewe alishaniambia sura ameisahau. Nani angenikosoa?

Yule mama alifungua daftari la kuazimisha. "Ni nani huyu?" akauliza, kalamu mkononi.

Nikalitaja jina la baba.

Alinitazama juu ya miwani. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaandika. Mimi nikaomba kalamu hiyo hiyo, nikaigeuza picha, na kwa mwandiko wangu mzuri wa mafaili nikaandika nyuma: Luteni, na jina la baba yangu kamili. Wasio wa kazi hii hawatauona uzito wake. Karatasi iliyopotea ipo siku itapatikana. Karatasi iliyowekwa kwenye jina la mtu mwingine imekufa, maana hakuna atakayekwenda kuitafuta huko. Nimewafokea vijana wa ofisini kwa kosa hilo mpaka wakalia.

Nilimpa mama asubuhi, mlangoni, penye mwanga mwingi. Aliishika karibu kabisa na jicho la kulia, akaisogeza polepole, juu, chini, kama anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Alikawia. Nilisikia jogoo wa jirani. Mwishowe akapitisha kidole gumba juu ya uso ule.

"Wabeja, ng'wanawane," akasema. Asante, mwanangu. "Umehangaika mno."

Hakulia, na mimi nikajiambia kwamba ameshalia vya kutosha siku zake. Alitaka itundikwe karibu na kitanda, chini kidogo, usawa wa jicho lake akiwa ameketi. Kila asubuhi, nilivyoambiwa na shangazi anayekaa naye, alikaa mbele yake kabla ya chai. Wanawake wa jumuiya wakaja kusali rozari, wakaisifu, wakasema nimefanana naye pua na mdomo. Nilikula ugali pale na kuitikia ndiyo, ndiyo.

Jicho lilifunga masika. Nilikwenda Jumamosi, nikamkuta ameketi kitandani, mikono mapajani, uso ameuelekeza ukutani.

"Imekwisha," akasema. "Hata mwanga sioni." Halafu akaongeza: "Sasa ile picha irudishe ulikoitoa."

"Mama, hiyo ni yako."

"Si yangu. Huyo si baba yako."

Nilikaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake. Nikamuuliza alijua lini.

"Ulipoiweka mkononi. Sura yake niliisahau, baba, lakini mtu mwingine namjua."

"Sasa mbona ulikubali? Mbona ulikaa unamtazama miezi yote hii?"

"Ningefanyaje? Ulikuja umekonda." Akapapasa mpaka akakipata kichwa changu. "Halafu nikafikiri. Huyu naye ana mke mahali, au mama. Naye pengine sura imempotea kama mimi. Mimi nina kijicho kimebaki, na wa kwangu hayupo wa kumtazama. Nikasema, acha nimtazame wa mwenzangu kwa niaba yake. Sasa jicho limekwisha. Mrudishe, mwenzangu asije akafika huko akaambiwa haonekani."

Hakuwa ananichapa kwa maneno hayo; hakujua ni mara ngapi nimeyasema mimi. Lakini nililia, mtu mzima mwenye mvi, na nitasema nililia nini. Niliyalilia macho ya mwisho ya mama yangu, ambayo niliyachukua nikampa mgeni. Angalau ningemwachia lile tundu la mraba. Lile lilikuwa la kwake.

Wiki iliyofuata nilirudi Shinyanga. Yule mama wa masijala alikuwa anafungasha vitu vyake, siku zake za kustaafu zimefika. Niliweka picha mezani. Aliitazama, akanitazama, akalifungua lile daftari la kuazimisha, akaandika tarehe ya kurudishwa.

"Nyuma umeiandika," akasema.

"Ndiyo."

"Basi irekebishe. Kanuni unaijua."

Naijua. Katika masijala hakuna kinachofutwa. Hukwangui kwa wembe, hupaki rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja kwa rula, kilichokosewa kibaki kinasomeka, na pembeni unaandika jina lako ili ijulikane nani alikosea. Akanisogezea rula. Nikapiga mstari juu ya jina la baba yangu, taratibu, usipinde. Kisha pembeni nikaandika jina langu kamili, ambalo nusu yake ni jina lile lile.